Garimoshi dogo na sanaa ya kunyamaza

Mwaka 1935 kampuni za reli zilianza kushindana kwa sura. Mwezi Mei, Milwaukee Road ya Marekani ilizindua Hiawatha, treni ya abiria kati ya Chicago na miji pacha ya Minneapolis na St. Paul, ikivutwa na kichwa cha mvuke kilichovikwa bati laini kuanzia puani hadi mgongoni. Septemba, Uingereza ikajibu kwa treni ya Silver Jubilee. Kichwa chake, Silver Link, kilikuwa cha kwanza cha aina ya A4 iliyosanifiwa na Nigel Gresley, na katika safari ya kukionyesha kwa waandishi wa habari kiligusa kilomita 181 kwa saa. Ujerumani ilikuwa na vichwa vyake vya aina ya 05, na kimoja kati ya hivyo kilivuka kilomita 200 kwa saa mwaka uliofuata.

Mwaka huohuo wa 1935, jijini Milwaukee, wapenzi wa treni za modeli waliunda chama chao cha kitaifa, NMRA, ambacho hadi leo ndicho kinachotunga viwango vya magurudumu, reli na umeme vinavyofuatwa na viwanda vingi vya treni hizo. Nayo kampuni ya Lionel ya New York ikaanza kuwauzia watoto wa Marekani honi inayolia kutoka ndani ya treni yenyewe, huku mwenye treni amekaa pembeni na kidole kwenye kitufe.

Tangu hapo sauti na mwendo vimekuwa vikivutana ndani ya treni ndogo, na kwenye kaunta ya duka sauti ndiyo inayoshinda. Mnunuzi hubonyeza kitufe, honi inalia, kengele inagonga, pochi inafunguka. Mwendo hauuziki namna hiyo. Ubora wake haujulikani mpaka treni ifike nyumbani, ifungiwe mabehewa saba au tisa, kisha itakiwe kuondoka stesheni polepole bila kushtuka. Hapo ndipo mtu anapogundua kwamba kichwa chenye spika nzuri kinachotembea kwa kusitasita kinaiharibu hata ile sauti yake, maana sauti ya treni ya mvuke ni mwendo wake uliosikika.

Kwa treni za umbo la kukata upepo jambo hili ni zito zaidi, na sababu ni lile bati. Kichwa cha kawaida cha mvuke humpa mtazamaji mengi ya kutazama: konrodi zinapanda na kushuka, vali zinacheza, mabomba yamepita huku na huku. Aina ya 05 ya Ujerumani ilifunikwa karibu kufika kwenye reli. A4 mwanzoni zilikuwa na sketi za bati zilizoficha nusu ya juu ya magurudumu makubwa, mpaka vita vilipokuja na mafundi wakazing'oa ili wafikie mashine kwa urahisi. Si kila msanifu alikubaliana na mtindo huo. Henry Dreyfuss, alipoichora upya treni ya 20th Century Limited mwaka 1938, aliacha magurudumu wazi na kuyawekea taa ili yaonekane yakizunguka usiku. Lakini kwa jumla jicho linabaki na mstari mrefu unaoteleza. Mtikisiko ambao kwenye kichwa cha mizigo ungejificha katikati ya vyuma, hapa unaonekana kwa urefu wa treni nzima. Kazi ya kueleza kwamba ndani ya bati kuna moto, maji na pistoni inahamia masikioni.

Mfano mzuri wa kufuatilia suala hili ni aina ya J ya kampuni ya Norfolk & Western, vichwa 14 vilivyojengwa na kampuni hiyo yenyewe katika karakana zake za Roanoke, Virginia, kati ya 1941 na 1950. Rangi nyeusi, mkanda mwekundu uliokoza, maandishi ya dhahabu, pua ya mviringo iliyochongoka. Vilivuta, miongoni mwa treni nyingine, Powhatan Arrow, treni ya mchana iliyoanza mwaka 1946 kati ya Norfolk na Cincinnati, safari ya kilomita 1,088 inayovuka milima ya Appalachia.

Kwa kuwa walikuwa na milima, wahandisi wa Roanoke waliipa J magurudumu ya kipenyo cha sentimita 178 tu. A4 ilikuwa na ya sentimita 203, na vichwa vya Hiawatha vilikuwa na ya 213. Gurudumu dogo lina nguvu ya kupanda, ila kwenye mwendo mkubwa linazunguka kwa kasi ya kutisha na uzito wa konrodi huanza kuipiga reli kama nyundo. Pamoja na hayo, namba 610, ilipoazimwa na kampuni ya reli ya Pennsylvania kwa majaribio, inatajwa kufikia takriban kilomita 177 kwa saa kwenye tambarare ikiwa na mabehewa 15. Siri ilikuwa beringi za rola kwenye kila ekseli na kwenye konrodi, konrodi zenyewe kufanywa nyepesi, na usawazishaji wa magurudumu uliofanywa kwa uangalifu mkubwa. Ulaini wa mwendo ndio uliokuwa fahari ya mashine hii. Modeli ya J inayotetemeka ikikimbia, hata ipakwe rangi sahihi kiasi gani, imekosa kile kilichoifanya J iwe J.

Mwaka 1957 J ilipata kumbukumbu mbili zilizo mbali sana. Lionel ilitoa modeli yake, namba 746 (namba ambayo reli ya kweli haikuwahi kuipa J yoyote, zao zilikuwa 600 hadi 613). Ilikuwa mashine nzito ya chuma, yenye moshi, honi, na sumaku zilizosaidia magurudumu kuishika reli. Wakusanyaji wanaipenda hadi sasa. Ilikuwa pia na mngurumo wa gia ambao hakuna honi iliyoweza kuufunika.

Kumbukumbu ya pili ni ya O. Winston Link, mpigapicha wa Brooklyn ambaye tangu 1955 alikuwa akiwafuata watu wa Norfolk & Western, kampuni kubwa ya mwisho Marekani iliyokuwa bado ikitegemea mvuke. Wengi wanazijua picha zake za usiku. Wachache wanakumbuka kwamba alibeba pia mashine za kurekodi na kutoa santuri za sauti za treni. Mkesha wa Krismasi wa 1957 alirekodi treni namba 42, Pelican, kwenye stesheni ndogo ya Rural Retreat, Virginia, huku muziki wa kengele za kanisa ukipigwa karibu na hapo. Treni inakaribia, inasimama, inapumua, inaondoka, inapotelea mbali.

Anayeisikiliza rekodi ya namna hiyo kwa nia ya kutengeneza sauti ya treni ndogo anajifunza haraka kwamba kichwa cha treni ya abiria hakihemi muda wote. Kuna kufoka kwa mvuke, kuna pampu inayogonga taratibu, kuna kimya. Kuna mihemo minne ya kwanza wakati wa kuondoka, mizito na yenye nafasi katikati, kisha inafuatana, kisha inageuka kitu kingine kabisa.

Hesabu yake si ngumu. Kichwa chenye silinda mbili hutoa mvuke mara nne kila gurudumu kubwa linapozunguka, kwa kuwa kila pistoni husukumwa kwenda na kurudi. Gurudumu la J lina mzingo wa karibu mita 5.6. Kwa kilomita 20 kwa saa, basi, inahema mara nne kwa sekunde. Kwa kilomita 100 inahema mara 20. Kwa zile 177 za Pennsylvania, mara 35. Gawa mwendo kwa tano tu, jibu unalo. Sasa, sikio la binadamu huanza kushindwa kutenganisha mapigo yanapokaribia 20 kwa sekunde. Kutoka hapo kwenda juu hakuna tena chuku-chuku. Kuna mvumo mmoja mrefu unaopanda kadiri treni inavyokimbia.

Mallard, ndugu wa Silver Link, iliposhuka Stoke Bank tarehe 3 Julai 1938 na kuweka rekodi ya kilomita 203 kwa saa, ilikuwa ikitoa mapigo zaidi ya 50 kila sekunde, kwa sababu A4 zina silinda tatu na kila mzunguko una mihemo sita. Hapa ndipo modeli nyingi za A4 zinapoumbuka. Fundi anatia chipu ya sauti iliyopangwa mihemo minne, labda kwa kuwa ilikuwa imebaki kabatini, na kichwa kinatoka stesheni kikihema kwa lafudhi ya kampuni nyingine. Wenye sikio kali wanataka zaidi ya idadi. Vali ya silinda ya kati kwenye mashine za Gresley iliendeshwa na mitambo ya zile mbili za pembeni, na viungo vilipochakaa mapigo yalipoteza usawa, moja likawahi, jingine likachelewa. Kuna watengenezaji wanaoupanga ulegevu huo ndani ya chipu kwa makusudi. Mashine za Coronation za kampuni ya LMS, washindani wa A4 katika safari za kwenda Scotland, zilikuwa na silinda nne lakini zilihema mara nne kwa mzunguko, kwa jinsi silinda zilivyofanya kazi kwa jozi. Ni mtego mzuri kwa anayedhani kwamba kuhesabu silinda kunatosha.

Wasomaji wa Nairobi wanao mfano wao, japo hauna bati la kukata upepo. Garratt za aina ya 59 za East African Railways, ambazo mojawapo, Mount Gelai, ipo kwenye jumba la makumbusho la reli mjini humo, zilikuwa na seti mbili za mashine zilizopokea mvuke kutoka boila moja. Seti hizo hazikufungwa pamoja, hivyo mihemo yake ilikuwa ikikutana, ikiachana, kisha ikikutana tena. Chipu za leo zina mpangilio maalumu wa vichwa vya seti mbili, na anayeujaribu bila kuielewa sababu yake hudhani chipu imeharibika.

Kufika hapo kulichukua miongo mingi. Honi ya Lionel ya 1935 ilikuwa ujanja wa umeme wa kupendeza: treni iliendeshwa kwa umeme wa mkondo geu, na kitufe kilipobonyezwa kiliongeza kidogo mkondo mnyoofu kwenye reli. Swichi ndani ya tenda, lile behewa la makaa na maji linalofuata kichwa, iliutambua mkondo huo, ikawasha mota ndogo iliyopuliza hewa kwenye vyumba viwili vyenye noti mbili. Hapakuwa na rekodi yoyote; ilikuwa honi ya kweli, ndogo. Mwishoni mwa miaka ya 1940, kampuni ya A. C. Gilbert, iliyotengeneza American Flyer, ilitumia pistoni iliyosukumwa na mota kutoa moshi na mhemo kwa pamoja. Waingereza walikuwa na njia ya kimaskini iliyofanya kazi: tenda za Hornby zenye kipande cha msasa kilichosugua ndani kadiri magurudumu yalivyozunguka. Sauti ya msasa haikumdanganya mtu yeyote kuhusu mvuke, lakini ilikuwa na sifa ambayo vifaa vya bei kubwa vya baadaye vilikuja kuikosa. Haikuwahi kuachana na gurudumu.

Kuachana huko ndiko kulikowasumbua mafundi wa enzi za transista. Wengine walifunga kwenye ekseli kidude cha shaba kilichogusa waya mara nne kwa kila mzunguko, na kila mguso ukafyatua mhemo mmoja kutoka kwenye mashine iliyokaa nje ya reli. Kisha, katikati ya miaka ya 1990, NMRA ilikubali viwango vya kuendesha treni kwa mawimbi ya kidijitali vilivyotokana na kazi ya Bernd Lenz wa Ujerumani. Reli sasa ina umeme muda wote, na kila kichwa kina dikoda yake, chipu inayosikiliza anwani yake peke yake. Upande wa Lionel, mmoja wa waliosukuma mfumo wao wenyewe wa amri na sauti alikuwa mwanamuziki Neil Young, shabiki wa treni hizo, ambaye alianza kwa kutafuta njia ya kumwezesha mwanawe mwenye ulemavu kuziendesha. Mtu aliyetumia maisha yake studioni hakuwa tayari kuvumilia honi ya kichovu.

Kilichobadilisha mambo kweli ni uwezo wa dikoda kuisikiliza mota. Mara nyingi kwa kila sekunde inakata umeme kwa kitambo kidogo sana na kupima umeme ambao mota yenyewe inauzalisha kwa kuzunguka. Kwa kipimo hicho inajua mota inakwenda kasi gani, na ikiona imepungua kwenye mwinuko inaiongezea nguvu. Faida ya kwanza ni mwendo: kichwa kinaweza kutambaa kwa kasi ya mtu anayetembea bila kukwama. Faida ya pili ni kwamba dikoda sasa inajua pia mota inafanya kazi kiasi gani, na inaweza kuikabidhi sauti habari hiyo. Treni ikipanda, mihemo inakuwa mizito. Ikishuka, inafifia.

Na hapo ndipo wengi wanapouacha utamu mezani. Dereva wa kweli wa Powhatan Arrow hakuingia stesheni akihema. Alifunga mvuke mapema, na treni ya mamia ya tani ikaendelea kwa uzito wake. Kilichosikika ni vyuma vya konrodi, magurudumu, kisha breki. Modeli inayoingia stesheni ikipiga mihemo ileile iliyoondoka nayo, ila tu kwa kasi ndogo, inamwambia msikilizaji kwamba kuna kinanda ndani ya boksi. Dikoda nyingi za leo zinaweza kuiga kufungwa kwa mvuke, lakini zinatoka kiwandani mpangilio huo ukiwa umezimwa au hafifu. Ni kazi ya nusu saa kuurekebisha, na ni nusu saa inayostahili kuliko kununua spika mpya.

Kiasi cha sauti nacho kina hesabu yake. Kwenye kipimo cha HO, ambapo kila kitu kimepunguzwa mara 87, mtu aliyekaa mita moja kutoka kwenye treni anaiona jinsi ambavyo angeiona ya kweli kutoka mita 87. Akisogea nyuma mita tatu, yuko umbali wa zaidi ya robo kilomita. Lakini sauti nyingi zinazouzwa zimerekodiwa kwa kipaza sauti kilichowekwa karibu, na zinatolewa kwa nguvu ya kiwandani kana kwamba msikilizaji amekaa juu ya bomba la moshi. Macho yanasema mbali, masikio yanasema karibu. Kupunguza sauti hadi theluthi ya ile iliyokuja na kichwa ni marekebisho ya bure, na huenda ndiyo yenye maana kuliko yote.

Shida inayobaki ni besi. Sauti ikisafiri mbali, noti za juu hupungua na nzito hubaki. Treni ya mbali husikika kwa mngurumo kuliko kwa mlio. Spika inayoingia kwenye tenda ya HO mara nyingi ina kipenyo cha chini ya sentimita tatu, na wimbi la sauti nzito ya mapigo 100 kwa sekunde lina urefu wa mita 3.4. Hakuna boksi la ukubwa wa kiberiti litakaloitoa sauti hiyo kama ilivyo. Kinachosaidia ni spika kuzibwa vizuri nyuma ndani ya kisanduku chake, pasiwe na upenyo, maana upenyo mdogo tu unameza nusu ya kazi yake. Spika ndogo za mraba zilizobuniwa kwa ajili ya simu za mkononi zimewaokoa wenye kipimo cha N, ambako kila kitu kimepunguzwa mara 160. Wengine huficha spika kubwa chini ya meza ichukue zile noti nzito. Inafaa kwa treni iliyosimama stesheni. Kwa inayozunguka chumba, mngurumo unabaki nyuma na mhemo unakwenda mbele.

Halafu kuna meza. Plaiwudi iliyopigiliwa reli moja kwa moja inageuka ngoma, na treni yoyote juu yake inatoa mlio wa ubao unaozidi ule wa spika. Tabaka la povu au ubao laini chini ya reli huukata. Gundi inayoshikilia kokoto za reli ikikauka ikawa ngumu kama sementi, huurudisha, na wengi hawajui kwa nini meza iliyokuwa kimya mwezi uliopita sasa inanguruma. Viungo vya reli vinahitaji tupa na subira: ncha iliyokatwa vibaya itaufanya kila mhimili wa kila behewa uruke, na kwenye treni ndefu, laini, yenye madirisha yaliyo kwenye mstari mmoja, mruko huo unasafiri kutoka behewa la kwanza hadi la mwisho mbele ya macho ya wote. Kuna wanaopenda mlio wa viungo, na hawana kosa, kwa kuwa reli za Marekani za wakati ule zilikuwa za vipande vya futi 39, yaani karibu mita 12, na mlio wake ulikuwa sehemu ya safari. Lakini kuna tofauti kati ya mlio wa kiungo na behewa kuruka.

Uchafu wa reli ni adui wa mwendo na sauti kwa pamoja. Umeme ukikatika kwa sehemu ndogo ya sekunde, mota yenye flaiwili, gurudumu zito linaloendelea kuzunguka, inaweza kuvuka pengo bila mtu kugundua. Sauti haina flaiwili. Inazima, kisha inaanza upya na taratibu zake zote za kuwaka, katikati ya mlima, huku treni ikiwa mwendoni. Ndiyo sababu mafundi wanaozijali treni zao huchukua umeme kutoka kwenye magurudumu ya tenda pia, na kuongeza kapasita inayoshikilia umeme kwa sekunde moja au mbili. Raba zinazovishwa baadhi ya magurudumu ili yashike reli husaidia kupanda, ila kila gurudumu lenye raba ni gurudumu lisilopokea umeme. Kila mwenye treni ndefu hulazimika kuchagua upande.

Mabehewa hayapewi heshima yanayostahili katika mazungumzo haya. Behewa la abiria la futi 85 likiwa kwenye HO lina urefu wa karibu sentimita 30, na kanuni ya NMRA inalipendekezea uzito wa gramu 195 hivi. Jepesi kuliko hapo linapepesuka kwenye kona na kuruka kwenye swichi. Zito mno linaifanya J ndogo iteleze mahali ambapo J kubwa ilipanda kwa fahari. Kubadilisha magurudumu ya plastiki na kuweka ya chuma yenye ncha kali za ekseli kunapunguza msuguano, na kunabadilisha sauti pia: plastiki inakwaruza, chuma kinaimba. Vibati vya kuchukulia umeme wa taa za madirisha hurudisha msuguano uleule. Mabehewa tisa yenye taa yanaweza kumshinda kirahisi mvutaji ambaye hana shida na mabehewa tisa ya giza.

Na kona. Seti nyingi za kuanzia huja na mviringo wa nusu kipenyo cha inchi 18, yaani sentimita 46. Ukiikuza mara 87, hiyo ni kona ya mita 40 kwa treni ambayo kwenye reli kuu ilikuwa ikipita kona za mamia ya mita. Sketi za bati zinagusa magurudumu, mapengo kati ya mabehewa yanafunguka upande mmoja na kubanana upande mwingine, na mstari mrefu, ambao ndio uliokuwa sababu ya kuitengeneza treni ya sura hii, unavunjika vipandevipande. Kona za inchi 30 kwenda juu zinaanza kuvumilika. Asiye na nafasi hiyo anaweza kushuka kipimo. Kampuni ya Kato ya Japani ilitoa kwa kipimo cha N treni ya Daylight ya Southern Pacific, nyekundu na rangi ya chungwa, na mwendo wake unawatosha wengi wasirudi kwenye HO.

Kwa J lipo tatizo moja ambalo ufundi wa mezani haulitatui. Kati ya zile 14 imebaki moja, namba 611, mali ya Virginia Museum of Transportation ya Roanoke. Ilirudishwa kazini mwaka 1982 hadi 1994, kisha ikafufuliwa tena 2015, na baadaye ikaonekana Strasburg, Pennsylvania, kwenye reli ya kitalii ya takriban kilomita saba ambako treni hutembeza wageni kati ya mashamba. Wenye vinasa sauti walipata hapo mihemo safi, mmoja mmoja, kuliko chochote kilichorekodiwa miaka ya 1950. Ambacho hawakupata ni J ikikimbia. Kwa hiyo mtengenezaji wa sauti huchukua mhemo wa mwendo wa pole na kuurudia haraka, na kwa kuwa mihemo yote inafanana kabisa, kwenye kilomita 100 kwa saa treni inatoa mlio wa cherehani. Walio makini hurekodi mihemo mingi tofauti na kuichanganya bila mpangilio. Wengine hupanga chipu ili kuanzia mwendo fulani mihemo izame yote, ubaki mfoko wa mvuke na mvumo. Kwenye HO, ile kasi ya 177 ni sentimita 56 kwa sekunde. J na mabehewa saba humpita mtazamaji chini ya sekunde tano, na chipu ikiwa imepangwa hivyo, kinachosikika zaidi ni magurudumu ya mabehewa.